Marekani wanazozana juu ya mabweni ya akina dada wahandisi, sisi tunajifunza nini?

Tangu tarehe 21 Januari 2025, siku Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kupambana na mipango inayopendelea watu kwa rangi au jinsia zao katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa katika hekaheka. Ofisi zimefungwa, nyengine zimebadilishwa majina, na kurasa za matangazo zimeandikwa upya usiku kwa usiku. Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mfano kwa wenzake, kilitangaza mwezi Machi 2025 kwamba kinafunga ofisi yake kuu iliyoshughulikia masuala hayo. Mwezi uliofuata Taasisi ya Taifa ya Sayansi ilianza kukatisha misaada ya utafiti, na iliyokatishwa ikafika zaidi ya 1,000, mingi ikiwa ni ile iliyogusa ushiriki wa wanawake na watu weusi katika sayansi.

Miongoni mwa vilivyoingia katika wasiwasi huo ni kitu ambacho wengi wetu, hata tunaoishi huku kwa miaka, hatukijui vizuri. Nacho ni bweni la chuo kikuu linalokaliwa na wanafunzi wa kike wanaosoma sayansi na uhandisi, wakalala pamoja, wakasoma pamoja na kulelewa pamoja kitaaluma. Bweni, hosteli, au dakhalia kama tunavyosema Zanzibar.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, watoto wetu wamo humo. Binti ambaye wazazi wake walitoka Unguja, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, akiingia darasa la uhandisi wa umeme hapa Marekani, huwa mgeni mara mbili, kwa jinsia yake na kwa rangi yake. Pili, serikali ya nyumbani inajenga skuli za bweni za sayansi kwa wasichana kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza: msichana huyo akishafaulu na kufika chuo kikuu, atalala wapi, na atasoma na nani?

Hoja ya makala haya ni fupi. Kilichowasaidia akina dada katika mabweni hayo ya Marekani ni meza ya kusomea iliyowekwa karibu na kitanda. Wamarekani leo wanazozana kuhusu meza hiyo. Sisi nyumbani tunahesabu vitanda, na meza hatujaifikiria.

Ni bweni la namna gani?

Tusidhani kwamba ni jengo la fahari. Mara nyingi ni ghorofa moja au mbili tu katika jengo la kawaida la chuo. Wanaopangiwa humo wengi ni wa mwaka wa kwanza, kwa sababu huo ndio mwaka ambao watu hukimbia sayansi. Huandikishwa katika makundi yale yale ya somo la kalkulasi, kemia na fizikia, ili anayerudi chumbani na swali amkute jirani yake ana swali hilo hilo. Wanafunzi wa miaka ya juu wanaosoma fani hizo hukaa humo humo kama dada wakubwa. Jioni kuna mtu wa kusaidia hesabu katika ukumbi wa chini. Wahadhiri hualikwa kuja kula na kuzungumza, na wasichana hupelekwa kuona maabara na viwanda, na baadhi yao hutafutiwa kazi ndogo ya utafiti wakiwa bado wachanga chuoni.

Michigan walianzisha programu yao ya makazi kwa wanawake wa sayansi na uhandisi mwaka 1993. Chuo Kikuu cha Maryland kikawa na jumuiya yake ya wanawake wa uhandisi iitwayo Flexus, na pembeni yake kikaweka nyengine ya wanaume iitwayo Virtus, jambo ambalo tutaona baadaye lilikuwa la busara. Chuo Kikuu cha Purdue kilikuwa kimeshaanza mpango wa wanawake katika uhandisi tangu mwaka 1969, ingawa huo haukuwa wa bweni.

Lakini moja kati ya mabweni ya mwanzo kabisa ya aina hii lilifunguliwa mwaka 1989 katika Chuo cha Douglass, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey. Liliitwa Bunting-Cobb, kwa majina ya wanasayansi wawili wa kike waliopata kukiongoza Chuo cha Douglass. Mmoja ni Mary Bunting, mtaalamu wa vijidudu. Wa pili ni Jewel Plummer Cobb, mtaalamu wa chembe hai aliyefanya utafiti wa saratani ya ngozi. Huyu wa pili ndiye ningependa tumtazame kwa makini.

Bibi Cobb alizaliwa Chicago mwaka 1924 katika familia ya Wamarekani weusi wasomi. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake, aliyezaliwa utumwani, alipata uhuru na baadaye kuhitimu ufamasia. Mwaka 1941 binti huyu alijiunga na Chuo Kikuu cha Michigan. Huko alikuta wanafunzi weusi hawaruhusiwi kukaa katika mabweni pamoja na wazungu. Alivumilia mihula mitatu, kisha akahama kwenda Chuo cha Talladega, Alabama, chuo cha watu weusi. Hakushindwa na masomo, kwani mwaka 1950 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York. Kilichomwondoa Michigan ni mahali pa kulala.

Alikuwa mkuu wa Douglass kutoka 1976 hadi 1981, na mwaka 1979 aliandika makala mashuhuri akiufananisha uchache wa wanawake katika sayansi na chujio. Wanaume na wanawake wanamiminwa pamoja, alieleza, lakini matundu ya chujio hayawapitishi sawa. Miaka kumi baada ya makala hayo, jina lake likawekwa kwenye bweni.

Hapa pana jambo la kuzingatia, kwa sababu watu huwa wanachanganya. Michigan ya mwaka 1941 ilimtenga Cobb kwa nguvu, na kila kilicho kizuri, yaani wenzake wa darasa na mazungumzo ya jioni, kikabaki upande wa pili wa ukuta. Bweni la 1989 liliwakusanya wasichana waliochagua wenyewe kuja, na likawaletea kile kilichokuwa upande wa pili. Mambo yote mawili kwa mbali yanaonekana ni kutenga. Ukitaka kujua tofauti yake, uliza nani aliyechagua, na ndani wamewekewa nini.

Kwa nini meza ina uzito

Takwimu zinasaidia. Mwaka 1970 wanawake hawakufika hata asilimia moja ya waliopata shahada ya kwanza ya uhandisi Marekani. Leo, zaidi ya nusu karne baadaye, bado hawajafika robo, ilhali wao ndio wengi katika vyuo kwa ujumla. Katika sayansi ya kompyuta hali iliwahi hata kurudi nyuma. Mwaka 1984 wanawake walikuwa kiasi cha asilimia 37 ya wahitimu wa fani hiyo, na baada ya miaka ishirini na kitu wakashuka hadi kama asilimia 18. Basi anayesema tuache tu, muda utarekebisha, ajue kwamba muda peke yake unaweza pia kuharibu.

Wapo wanaosema tatizo ni akili au tamaduni. Kwa hoja hiyo Waswahili wa Muscat wana jibu zuri. Kwa mujibu wa ripoti ya sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021, wanawake ni zaidi ya asilimia 40 ya wahitimu wa uhandisi nchini Oman, na Algeria wanakaribia nusu. Marekani ilikuwa kiasi cha asilimia 20. Nchi ambazo watu huku huziona kuwa zinawafungia wanawake ndani zinatoa wahandisi wa kike kwa uwiano unaopita ule wa nchi iliyowapeleka watu mwezini. Simaanishi kwamba mhandisi wa kike wa Oman amemaliza matatizo yake, kwani kuhitimu ni jambo moja na kuajiriwa ni jengine. Namaanisha kwamba uwezo upo, na kwamba mazingira ya chuo na ya jamii ndiyo yanayoamua.

Mazingira hayo yanafanyaje kazi? Katika miaka ya 1970 mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aitwaye Uri Treisman, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi, wengi wao waliokuwa bora huko skuli walikotoka, walikuwa wanaanguka katika kalkulasi, na wenzao wenye asili ya China wanafaulu. Aliwafuata hadi wanakokaa. Aligundua kwamba weusi walikuwa wanasoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Wenye asili ya China walikuwa wanasoma, kisha wanakutana jioni, wanasahihishana, wanaulizana na kupeana habari za mitihani iliyopita. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya hesabu ngumu pamoja, na matokeo ya wanafunzi weusi yakabadilika.

Mwaka 2017 Nilanjana Dasgupta na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walichapisha utafiti mwengine. Waliwachukua wasichana 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wakawagawa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa mwanafunzi wa kike wa mwaka wa juu awe mwongozaji wao, wengine wakapewa wa kiume, na wengine hawakupewa mtu. Katika kundi lililopewa dada, hakuna hata mmoja aliyeacha uhandisi mwaka ule wa kwanza. Katika makundi mengine wapo walioondoka. La kushangaza ni kwamba wale dada hawakupandisha alama za mitihani za wadogo zao. Walichokilinda ni ile hali ya mtu kujiona kuwa hapa ni pake. Kwa maneno mengine, wengi wanaoacha wanaacha wakiwa bado wanafaulu.

Ama kuhusu mabweni yenyewe, watafiti wa Michigan walionesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba wasichana waliokaa katika makazi yale walibaki katika sayansi kwa wingi zaidi kuliko wenzao waliofanana nao kwa alama za kuingilia. Uchunguzi wa taifa uliofanywa na Karen Inkelas na wenzake ulihusisha makazi ya namna hii ya wanawake pekee na nia kubwa zaidi ya kuendelea na shahada za juu. Lazima tuseme ukweli kwamba wanaoomba kukaa humo tayari wana hamu zaidi kuliko wengine, hivyo si kila faida inatokana na bweni. Lakini utafiti wa Amherst, ambao uligawa watu kwa bahati nasibu, unaelekea upande huo huo.

Sheria inaruhusu kitanda, inatilia shaka meza

Sasa turudi kwenye mzozo. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo ndiyo iliyowafungulia wanawake milango ya vitivo vingi. Ndani yake mna kifungu kinachosema wazi kwamba chuo kinaweza kuwa na makazi tofauti ya wanaume na wanawake. Hivyo bweni la wasichana peke yao halina tatizo. Tatizo linaanza pale bweni linapokuwa na kitu ndani yake: masomo ya jioni, mwongozaji, nafasi ya utafiti, ruzuku. Hapo mwanamume anaweza kuuliza, mimi je?

Na wapo waliouliza. Mark Perry, profesa mstaafu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Michigan tawi la Flint, amewasilisha mamia ya malalamiko dhidi ya programu za wanawake pekee. Alianza na ukumbi wa kusomea wa wanawake katika Chuo Kikuu cha Michigan State, ambao mwaka 2016 ulifunguliwa kwa wote. Hoja yake ni kwamba wanawake sasa ni wengi kuliko wanaume katika vyuo vya Marekani, hivyo upendeleo umepitwa na wakati, na kwamba sheria inayomlinda mwanamke lazima imlinde na mwanamume.

Tusiidharau hoja hiyo. Kwa maneno ya sheria ina nguvu, na vyuo vingi vilipoandikiwa vilikubali kubadilika. Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Wingi wa wanawake katika saikolojia na uuguzi haumsaidii msichana aliye peke yake katika kundi la watu sita wanaotengeneza mashine, ambaye kila siku ndiye anayepewa kuandika ripoti huku wengine wakishika vifaa. Wingi unaomhusu yeye ni wa chumba alichomo.

Mwaka 2025 shinikizo limeongezeka. Barua ya Wizara ya Elimu ya tarehe 14 Februari ilihusu zaidi rangi, lakini hofu haikuchagua. Mahakama ziliizuia, na mwezi Agosti jaji wa Maryland akaibatilisha. Hata hivyo, mkuu wa chuo mwenye mamilioni ya dola ya kupoteza hasubiri hukumu. Anang'oa kibao kwanza, sheria ataisoma baadaye. Sisi tuliokimbia nchi zetu tunaifahamu tabia hiyo vizuri. Mhariri wa gazeti akishapigiwa simu moja, habari nyengine kumi hujiondoa zenyewe bila ya mtu kuzigusa.

Njia ambayo baadhi ya vyuo vimeichukua inafaa kuangaliwa. Chumba cha kulala kinabaki cha wanawake, kama sheria inavyoruhusu. Meza inafunguliwa kwa yeyote anayekubali madhumuni ya nyumba ile, lakini wanaoiongoza ni wanawake. Maryland kwa kuweka jumuiya mbili sambamba walikuwa wameshaona mbali. Wapo wanaolia kwamba kufungua ni kushindwa. Binafsi naona kwamba mvulana anayekuja kufundishwa hesabu na dada wa mwaka wa tatu naye anajifunza jambo ambalo darasani hakulipata.

Nyumbani: mabweni kama ngome

Tukiangalia kwetu, bweni la wasichana tumelijua siku nyingi, lakini kwa sababu nyengine. Tumelijenga kama ngome. Kazi yake ni ukuta, lango, mlinzi na saa ya kufunga. Sikatai kwamba ulinzi unahitajika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kunyanyaswa na wanaume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, na akina mama waandishi wa habari wa TAMWA wakalifanya jambo hilo kuwa la taifa. Nani anatawala uwanja wa chuo jioni ni suala la uhai, wala si la starehe.

Lakini ngome ikishamlinda msichana, inamfanyia nini zaidi? Anayeujua Mlimani anajua kwamba mhandisi hafundwi darasani peke yake. Anafundwa vimbwetani, kwenye zile meza za saruji, katika diskasheni zinazoanza magharibi na kuendelea hadi usiku mkubwa. Hapo ndipo madesa yanapogawanywa, hapo ndipo swali la mtihani wa mwaka juzi linapofumbuliwa. Sasa mfikirie binti aliyekosa nafasi chuoni akapanga chumba mtaani. Saa kumi na mbili jioni anatazama saa, anatafuta daladala, anaondoka. Kundi linaendelea bila yeye. Mwisho wa muhula ana sapu mbili, na mwaka wa pili amedisko. Nyumbani wataambiwa kuwa uhandisi ni mgumu kwa wanawake.

Serikali zimefanya mambo ya kusifiwa kabla ya kufika hapo. Chuo Kikuu cha Makerere tangu mwaka 1990 kiliwaongezea wasichana pointi 1.5 katika kuingia, na idadi yao ikapanda sana, ingawa walionufaika zaidi walikuwa wa masomo ya sanaa. Dar es Salaam nako pamewahi kuwepo kozi za matayarisho kwa wasichana kabla ya kuingia sayansi na uhandisi. Rwanda ina skuli ya wasichana ya sayansi na teknolojia ya Gashora, iliyofunguliwa mwaka 2011, ambayo baadhi ya wahitimu wake tunakutana nao katika vyuo vya huku. Tanzania, kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa Machi 2020, inajenga skuli za bweni za wasichana katika mikoa 26, msisitizo ukiwa sayansi. Mkopo huo ulizua kelele kubwa kwa vile wakati ule wasichana waliopata ujauzito walikuwa wanafukuzwa moja kwa moja, marufuku iliyoondolewa Novemba 2021. Tangu mwaka 2022 kuna pia ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu vizuri sayansi kidato cha sita.

Yote hayo ni milango. Ukiacha ada inayolipwa na ufadhili, ni machache kati yake yanayomfuata msichana baada ya kuvuka kizingiti cha chuo kikuu. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizozinduliwa Aprili 2017, zilisifiwa kwa vitanda 3,840. Ilikuwa habari njema kwa waliokuwa wanalala wawili kitanda kimoja. Lakini hesabu ilikuwa ya vitanda tu. Nani alale karibu na nani, na ghorofa ipi iwe ya wahandisi wa kike wa mwaka wa kwanza, halikuwa suala la kukata utepe.

Zanzibar tuna bahati moja ambayo hatujaitumia. Mwaka 2023 tawi la IIT Madras, chuo mashuhuri cha teknolojia cha India, lilifunguliwa Unguja, na aliyepewa kuliongoza ni mwanamke, Preeti Aghalayam, mhandisi wa kemikali na mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi ya IIT. Vyuo vya IIT huko India kuanzia mwaka 2018 viliongeza viti maalumu vya wasichana hadi kufikia asilimia 20. Wana uzoefu wa kinachotokea baada ya kiti kupatikana, na chuo chao cha Unguja bado ni kichanga, hakijazoea mambo ya zamani. Kama kuna mahali pa kujaribu dakhalia yenye meza, ni hapo na SUZA.

Linaweza kufanyika vipi?

Halihitaji mkopo mpya. Chuo kinachagua ghorofa moja katika hosteli iliyopo. Wasichana wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, fizikia, hesabu na kompyuta wanaopenda wanapangiwa hapo, waliofaulu sana na waliopita kwa shida pamoja, ili isije ikaitwa ghorofa ya wanaohitaji kuhurumiwa. Dada wanne au watano wa mwaka wa tatu wanapewa kitanda bure kwa sharti la kuongoza diskasheni usiku mara tatu kwa wiki. Vyumba viwili vya chini vinawekwa meza, ubao na taa ya uhakika, na wavulana wanaruhusiwa kuja mezani hadi saa nne usiku, chini ya uongozi wa wenye nyumba. Mhadhiri mmoja kwa wiki anakuja kukaa nao, mlango ukiwa wazi na watu wakiwa wengi. Sharti hili la mwisho nimeliweka makusudi, kwa sababu rushwa ya ngono katika vyuo vyetu hustawi pale msichana anapolazimika kumfuata mwalimu ofisini peke yake ili asaidiwe.

Kisha chuo kihesabu. Wangapi waliingia, wangapi walibaki baada ya mwaka mmoja, na wale wenzao waliokuwa mitaani walibaki wangapi. Hesabu hiyo itangazwe hata kama si nzuri.

Na kwa wazazi wenzangu wa ughaibuni, ambao binti zao wanajaza fomu za makazi, nina neno. Mara nyingi naulizwa na akina baba swali moja tu: hilo bweni ni la wasichana watupu? Ni swali la haki, lakini ni swali la ngome. Muulizeni binti pia na haya: je, utakuwa darasa moja la kalkulasi na wenzako wa ghorofa? Kuna dada wa mwaka wa juu anayekaa humo? Programu hii bado ipo mwaka huu, au limebaki jina tu? Swali la mwisho lina umuhimu wake, kwani kuna nyumba zilizobadilishwa jina na kazi ikaendelea, na kuna zilizobaki na jina kazi ikafa.

Wamarekani watamaliza mzozo wao mahakamani, kama wanavyomaliza mambo yao mengi. Vyuo vyetu havina kesi yoyote ya kusubiri. Mwaka mpya wa masomo utaanza, wasichana wa kidato cha sita wataingia na mabegi yao, na afisa wa malazi atakaa na orodha ya majina akigawa vyumba. Akipata maelekezo kabla ya siku hiyo, kazi imeanza.